Mashua iliyolowa misimu miwili: nilivyoikausha Igombe

Mashua yenyewe ni ndogo, ya tanga moja, mita 5 na nusu. Mkuku (boriti ya chini inayobeba mashua) na mataruma (mbavu za ndani) ni mvule, mbao za ubavuni ni paina ya inchi moja. Ilikaa imejaa maji ufukweni Igombe, kando ya Ziwa Victoria karibu na Mwanza, misimu miwili ya mvua.

Usiivute ikiwa na maji ndani. Lita 700 ni kilo 700, na uzito huo wote unalala juu ya misumari iliyokwisha kuliwa na kutu. Nilichota kwanza kwa upo, kile chombo cha kutolea maji, nikatoboa tundu moja chini kabisa karibu na mkuku ili mabaki yatoke yenyewe, ndipo tukaipandisha juu ya magogo ya mviringo. Nchi kavu mkuku ulikaa juu ya vigogo vitatu vilivyo sawa, huku ubavuni nikiweka nguzo za kuegemea. Kamba iliyovutwa kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) ndiyo iliyonionyesha kama mkuku umenyooka. Mashua ikikauka imepinda, itabaki hivyo hivyo.

Kukausha ndiko kunakoua mashua nyingi, na chanzo ni jua. Uso wa ubao hukauka na kusinyaa huku moyo wake ungali umevimba, kwa hiyo ubao unapasuka au unajikunja na kung'oa misumari. Nilitandaza turubai juu, nikaacha pande zote wazi ili upepo wa ziwani upite. Rangi niliikwangua ndani na nje, maana rangi inafungia maji. Ncha zote za mbao, ambako maji hutoka haraka kuliko kwingine, nilizipaka rangi nzito, na mkuku nikaufunika magunia mabichi wiki tatu za mwanzo.

Nilijuaje imekauka? Kutoka kwenye ubao uliokuwa wa kutupwa nilikata vipande viwili pacha, kila kimoja gramu 412, na ncha zake nikazipaka rangi. Kimoja nilikikausha kwenye oveni, nyuzi 100 na ushee, hadi uzito ukagoma kushuka: gramu 230. Maana yake maji yalikuwa gramu 182, asilimia 79 ya uzito wa ubao mkavu. Pacha wake alilala ndani ya mashua, nikimpima kila Jumamosi kwenye mizani ndogo ya jikoni. Shabaha ilikuwa gramu 270, kama asilimia 17. Juu ya asilimia 20 kuvu ya kuozesha mbao inaweza kuishi; chini sana ya hapo mianya kati ya mbao inatanuka mno, halafu ukirudi majini mbao zinavimba na kusukumana. Nilianza Juni, mwanzo wa kiangazi, nikafika shabaha baada ya wiki tisa. Ukianza Oktoba, vuli itakuharibia hesabu.

Kuoza kulinishangaza kidogo. Sehemu iliyokuwa imezama kabisa ilikuwa nzima, kwa sababu kuvu inahitaji hewa. Uozo ulikuwa juu kidogo ya mstari wa maji na nyuma ya mataruma, ambako mchanga ulikuwa umeziba mitobo ya kupitishia ngama, yaani maji yanayojikusanya chini ndani ya mashua. Maji ya ziwa hayana chumvi ya kuichelewesha kuvu, ndiyo maana huku mitobo iliyoziba haisamehewi. Kipimo changu ni bisibisi: chomeka, kisha inua. Ubao mzima hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Uliooza hukatika mfupi, kama muhogo wa kuchemsha. Ukikuta uozo, kata sentimita 15 zaidi kufuata urefu wa ubao.

Viraka vya mbao niliviunga kwa mshazari, urefu mara nane ya unene, yaani sentimita 20, na viungo vya mbao mbili za jirani havikuwa mkabala. Misumari ya chuma cheusi iliondoka yote, ikaja iliyopakwa zinki ya inchi tatu, nikitoboa kwanza kwa keekee nyembamba kuliko msumari. Msumari uliopigwa bila tundu karibu na ncha ya ubao wa paina utaupasua, hilo halina mjadala.

Kisha kalafati, yaani kuziba mianya kati ya mbao. Pamba iliyochambuliwa ni rahisi kupata Usukumani. Niliisokota nyuzi za unene wa penseli. Kwanza mwanya upakwe rangi nyepesi, ndipo pamba ipigwe kwa patasi butu, ipakwe rangi tena, halafu puti ya unga wa chaki na mafuta ya kitani, sehemu tano kwa moja kwa uzito. Usipopaka rangi kabla ya puti, ubao unanyonya mafuta na puti inabaki vumbi. Pamba isishindiliwe: ibonyee kidogo ukiigusa kwa ncha ya patasi. Mashua ya jirani ilijazwa pamba kwa nguvu ikiwa kavu kama mkaa. Mbao zilipovimba, mataruma mawili yalikatika.

Tanga nililifua na kulianika kivulini, basi.

Siku nne kabla ya kushusha nilitandika magunia mabichi ndani na kuyamwagia maji asubuhi na jioni. Ilipoingia ziwani ilivuja: ndoo mbili kila saa siku ya kwanza, ndoo moja kutwa siku ya tatu. Wakati wote huo ilifungwa kwenye kina cha magoti, upo ndani, na mimi nikiwa na mabuti marefu ya mpira kwa sababu ya kichocho.