Mashine ya matundu kutoka Masasi

Mafundi wenzangu wakipita kibandani kwangu hapa Magomeni, Mtwara, huisogelea ile mashine ya kutoboa matundu ya mraba kwenye mbao, wakaishika mkono wake, kisha wakauliza bei. Nawajibu, lakini bei ndiyo jambo dogo kuliko yote. Nimeona niandike mambo mengine, hasa kwa kijana anayefikiria kununua ya mtumba.

Mwanzo kabisa, kwa nini niliitaka. Korosho zikianza kuuzwa mnadani kuanzia Oktoba, huku kwetu watu hupata fedha na kumalizia nyumba. Oda za milango na madirisha huja zote kwa wakati mmoja. Sasa hesabu mwenyewe: mlango wa paneli una miimo miwili, yaani mbao za kusimama, na mbao za kulala tatu au nne, na kila mbao ya kulala inaingia mwimoni pande zote mbili. Hayo ni matundu sita au manane kabla hujagusa mbao fupi za katikati. Ukiyachonga kwa patasi na nyundo kwenye mkongo mkavu, mkono unakufa ganzi na mteja amesimama mlangoni. Ndiyo maana vijana wengi wameacha tundu na ulimi, yaani kuchonga ncha ya mbao moja iingie kwenye tundu la nyingine. Wanakata mbao sawasawa, wanapaka gundi, wanapigilia misumari ya nchi nne, wanaziba vichwa kwa vumbi la mbao na vanishi. Dukani mlango unapendeza. Mvua za Desemba hadi Aprili zikishapita juu yake, mbao inavimba, kiangazi inasinyaa, msumari unalegea, na mlango unaanza kuburura sakafuni. Mwenye nyumba ni mkulima aliyeuza korosho za msimu mzima. Jambo hilo linaniuma sana.

Mikindani iko karibu. Nenda ukatazame milango ya zamani ya kuchonga. Haina bawaba kama zetu, inazunguka kwa vigingi vya juu na chini, na viungo vyake ni ulimi ndani ya tundu. Wazee wale walikuwa na patasi tu. Sisi tuna umeme, hatuna udhuru.

Mashine yenyewe ni Sedgwick, kazi ya Leeds, Uingereza. Niliinunua Masasi kwa mzee seremala aliyeacha kazi kwa sababu ya macho. Alitaja milioni moja na laki mbili, tukaelewana laki tisa na nusu pamoja na patasi zake. Ikateremka Mtwara juu ya Fuso lililokuwa linaleta korosho, imelazwa kati ya magunia, kilomita zipatazo 200. Mzee aliniambia, "Mwanangu, usiitazame rangi. Itazame inavyoshuka."

Nilimwelewa baadaye kidogo, nilipoanza kuipima. Mota inaweza kusukwa upya, beringi zinauzwa kwa namba iliyoandikwa ubavuni mwake, swichi na kapasita ni vitu vya dukani. Chuma cha kusubu kikipasuka, au ikilika njia ya kichwa, ile sehemu ya mashine inayoshuka na patasi, huna cha kununua. Kwa hiyo zima umeme, vuta mkono wa mashine polepole hadi chini, kisha rudisha. Kichwa kiteleze bila kukwama na bila kuchezacheza. Kishike kwa mikono miwili ukitikise kulia na kushoto. Kama kinacheza, uliza kama zile skrubu za pembeni za kukazia bado zipo, kaza, jaribu tena. Kikiendelea kucheza, achana nayo hata ukipewa kwa laki mbili. Kisha zungusha keekee, ile ncha ya kutobolea, kwa mkono na usikilize: beringi iliyokufa inakwaruza. Tazama na meza, ukuta wa kuegemezea mbao, na kile chuma kinachozuia mbao isinyanyuke patasi inapotoka. Hicho cha mwisho mara nyingi kimepotea, na bila hicho mashine haina faida, kwa sababu patasi ikishabana tunduni huinua mbao nzima.

Soma pia kibati cha mota. Mashine nyingi za karakana za Uingereza ni za umeme wa fezi tatu. Yangu ni ya fezi moja, inaendana na umeme wa nyumbani. Ya Marekani ya volti 110 usiilete huku.

Sasa kufunga patasi, hapa ndipo penye kazi yote. Patasi ya mraba ina uwazi katikati, na keekee inazunguka ndani yake. Keekee inatangulia kula mbao, patasi inaifuata kunyoosha kona nne. Vikigusana, vinasagana: moshi unatoka, chuma kinageuka bluu, na chuma kikishageuka bluu kimepoteza ugumu wake. Lazima iwepo nafasi ya milimita moja hadi mbili kati ya mdomo wa patasi na kichwa cha keekee. Namna nyepesi ni kutumia sarafu. Ingiza patasi, weka sarafu kati ya bega lake na mashine, kaza kidogo. Sukuma keekee juu hadi iguse mdomo wa patasi, kaza keekee. Toa sarafu, legeza patasi, ipandishe mpaka bega liguse, kaza moja kwa moja. Nafasi uliyopata ni unene wa sarafu yako. Kabla ya kukaza, egemeza kipande cha mbao iliyonyooka kati ya ukuta na ubavu wa patasi ili ikae sambamba, vinginevyo tundu litatoka na kingo zenye meno ya msumeno.

Ukianza kutoboa, toboa miisho miwili ya tundu kwanza. Halafu ruka ruka katikati ukiacha mbao kati ya shimo na shimo, mwisho ndipo umalizie vilivyobaki. Patasi ikipata mbao upande mmoja na uwazi upande wa pili, inakimbilia kwenye uwazi na inapinda. Tundu la kupenya toboa nusu upande huu, geuza, nusu upande ule, huku uso uleule wa mbao ukiegemea ukuta.

Mninga unatobolewa vizuri sana, na ukishakauka hausinyai sana, ndiyo maana naupenda kwa milango. Mkongo unataka mkono mzito na kitambaa puani, vumbi lake linachokoza kupiga chafya. Msaji wa Rondo, kule Lindi, unaonekana laini lakini unamaliza makali upesi. Kunoa ni kwa jiwe la umbo la pia, linaloingia ndani ya mdomo wa patasi. Nje usisage, pitisha tu ubavu juu ya jiwe bapa kuondoa ukingo uliojikunja. Ukisaga nje unapunguza kipimo, na keekee haitapata nafasi.

Upepo wa bahari nao una chumvi. Jioni napangusa meza na njia za kichwa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, patasi nazifunga kwenye kipande cha kanga kilicholowa mafuta hayohayo.

Patasi ndizo zitakazokula fedha yako. Mimi nilipata ya robo nchi, ya tatu ya nane ya nchi na ya nusu nchi. Ya nusu ndiyo inayofanya karibu kila mlango, kwa sababu tundu likizidi sana theluthi ya unene wa mbao, kuta zake zinakuwa dhaifu. Kabla ya kuagiza nyingine Dar, pima kikonyo cha patasi, ile sehemu ya juu inayoingia kwenye mashine, siyo mdomo tu, maana vikonyo vya Kiingereza na vya Kichina vinatofautiana. Nenda dukani na patasi ya zamani mkononi.