Ukungu wa asubuhi kwenye macho ya shangazi

Shangazi yangu anauza dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, na kwa miaka kama mitatu hivi alikua analalamika kitu kilekile, akiamka haoni vizuri, kama ukungu wa ziwani umeingia machoni, taa za bodaboda anaziona zina duara, halafu ikifika saa sita macho yanatakata anahesabu hela zake mwenyewe. Kituo kimoja wakamwambia mtoto wa jicho, asubiri ukomae. Akasubiri jamani.

Mwaka jana ndio tukapata daktari aliyemuuliza, mama, asubuhi na jioni lini unaona vizuri? Akampiga picha ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho, tukaona upande wa ndani una vidoa vyeusi vingi. Seli za huko kazi yao kutoa maji, zikifa hazizaliwi nyingine, na usiku jicho limefumba maji hayana pa kukaukia, konea inavimba. Ugonjwa huo unaitwa Fuchs, jina la daktari wa Austria aliyeuelezea 1910.

Nikaanza kusoma usiku na usiku, kila mahali naambiwa huo ni wa Wazungu. Na kweli kwao ni mwingi, Japani ni wachache. Kuna jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, inaitwa TCF4, ina kipande kinachojirudia-rudia, kikizidi urefu ndio hatari, na Wazungu wengi wanaougua wanacho. Weusi waliopimwa Marekani wenye kipande hicho ni wachache zaidi, lakini wanaumwa vilevile! Halafu haya majina yanapotosha, kuna ugonjwa mwingine wa konea uliitwa Avellino, sehemu ya Italia, sababu wagonjwa walioandikwa 1988 asili ya familia zao ni huko, kumbe baadae ukakutwa mwingi Korea na Japani. Aliyepimwa kwanza ndio anapewa ugonjwa.

Kinachoniuma ni bibi mzaa baba. Naye mwishoni macho yalikua meupe, na huku kwetu Usukuma mnajua bibi mwenye macho mabaya anasemwaje, kuna vikongwe wameuawa kwa macho mekundu ya moshi wa jikoni tu. Bibi hakuguswa ila majirani waliacha kuja kuomba moto kwake. Nilikua mdogo, nikadhani wamegombana.

Mara nyingi mzazi mmoja akiwa na Fuchs kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuurithi, na unajitokeza ukubwani. Baba alifariki na miaka 44, hatukuwahi kujua macho yake yangekuaje.

Sasa hivi shangazi anatumia matone ya chumvi aliyopewa hospitali, na asubuhi anachukua draya ya nywele ya binti yake, anaishika mbali urefu wa mkono, upepo wa vuguvugu unapita usoni, konea inakauka kidogo. Anawahi dagaa wa bei nzuri. Mimi na dada zangu wawili tunaenda kupigwa hiyo picha Jumatano.