Mtabibu wa miti shamba kwa simu: siku moja ya Ramadhani, Wete

Mei 2020. Ramadhani, masika, na korona juu yake. Mimi ni mtabibu wa tiba asili hapa Pemba, nimesajiliwa kwa sheria ya Zanzibar ya 2008. Sipigi ramli wala sipungi majini. Tangu maradhi haya yaingie mwezi wa Machi, barazani kwangu hakai mgonjwa. Natibu kwa simu.

Saa kumi alfajiri: Daku, kisha swala.

Saa kumi na mbili: Nachuma mchaichai na kivumbasi. Magome niliyoanika yameota ukungu kwa mvua, nimetupa yote. Hasara hiyo mteja haioni.

Saa mbili: Simu zinaanza. Kikohozi, tumbo, mtoto hanyonyi (huyo kituo cha afya, mara moja). Wengi wanauliza: kujifukiza kunafunguza? Hilo mwulizeni sheikh. Mimi nasema ngojeni baada ya futari, sufuria iwe mbali na watoto, na mwenye pumu aache kabisa. Wengine wanataka ile dawa ya Bukini (Madagaska) iliyozinduliwa na rais wao mwezi uliopita. Sina, na mti unaoponya korona siujui.

Saa nne: Vifurushi nampa utingo wa gari ya Chake.

Saa sita hivi akapiga kijana yuko Muscat. Mamake yuko hapa hapa Wete, anakohoa. "Bi mkubwa, nifanyie dawa kali, pesa si tatizo." Ana presha? "Kidogo." Kidogo ndiyo nini? Anakunywa nini? Eti ameagiza achemshiwe urukususu, ule mzizi mtamu, kutwa mara tatu! Urukususu ukizidi hupandisha presha. Nikamwambia uachwe leo leo. Akaanza kubishana, simu ikakatika, akapiga kwa video, picha ikaganda kaachama.

Nikampigia mjukuu anayekaa na bibi. Zamani ningeshika mkono, nikatazama ulimi na kope kwa ndani. Sasa nimebaki na sikio. "Mwanangu, weka simu karibu na mdomo wa bibi, nawe unyamaze." Nikatazama saa ya ukutani, nikahesabu dakika nzima. Pumzi 32. Mtu mzima aliyetulia hazidi 20 hivi. Nikamwambia bibi anitajie watoto wake. Jina la pili hakulimaliza bila kutweta. Hapo hakuna mti. Nikamwambia mjukuu: hospitali sasa hivi, vaeni barakoa, vidonge vyake vya presha mvichukue.

Muscat akapiga tena, sauti juu. "Sasa wewe mganga gani unapeleka watu hospitali?"

"Ndiye huyu unayezungumza naye."

Kisha akapiga mjomba, akafuata shangazi wa Dar es Salaam, kila mmoja nimweleze upya tangu mwanzo, nami koo limekauka kwa saumu. Adhuhuri nimeiswali mwisho wa wakati. Dereva wa kwanza aliposikia kile kikohozi akaondoa gari. Wa pili alikubali kwa nauli mara mbili, na hiyo nikaigombania mimi, kwa simu yangu, kwa salio langu. Walipoondoka ilikuwa alasiri, au baada yake, sikumbuki. Chaji ilibaki kidogo na sauti za WhatsApp sijazisikiliza.

Futari nimekula muhogo uliopoa. Baada ya isha ukaja ujumbe wa Muscat: mama kawekewa oksijeni, daktari kasema wangechelewa ingekuwa mambo mengine. Chini yake kaandika, "Na huku watoto wangu wana mafua, utanitumia nini?"

Nikamjibu atazame jikoni kwake kama kuna tangawizi.