Trei la mayai lililonifundisha kuvuka barabara

Kwa muda mrefu nilimvusha mwanangu barabara ya Dar es Salaam, hapa Nzuguni, Dodoma, kwa kufuata ushauri wa mjomba wangu, ambaye aliendesha fuso hadi alipostaafu. "Mpwa wangu," alikuwa akiniambia, "inua mkono, tazama mbele, tembea. Dereva akikuona hawezi kukugonga." Ushauri huo unaniudhi mpaka leo.

Asubuhi moja ya Machi daladala ilisimama kwenye zebra, dereva akatupungia tupite, nami nikavuka kwa madaha kama bibi harusi, mkono mmoja nimemshika mtoto na mwingine nimebeba trei la mayai ya mama ntilie wa ng'ambo. Tulipokuwa tunaimaliza pua ya daladala, bodaboda iliyokuwa nyuma yake ikachomoka upande wa kulia bila hata honi. Aliyeiona ni mtoto, akanivuta gauni kwa nguvu zake zote. Mimi nikabaki, trei likaenda. Mayai thelathini yalitapakaa juu ya lami, na konda, badala ya kunipa pole, akatoa kichwa dirishani: "Mama, zimebaki chipsi tu!"

Tangu siku hiyo gari likinisimamia sivuki moja kwa moja. Ninafika kwenye kona ya bampa lake, ninamweka mtoto nyuma yangu, ninachungulia kama mwizi wa kuku, kisha ninasubiri hadi chombo kinachofuata nacho kisimame. Ninachotazama ni tairi. Sura ya dereva hainisaidii, kwa sababu asubuhi magari yanayoelekea Ihumwa na Mtumba, upande wa mashariki, huchomwa na jua usoni, na dereva anayekutolea macho huenda haoni chochote. Jioni, wanaporudi mjini, jua linawangoja tena mbele.

Kwamba hata dereva aliyekuona anaweza kukugonga, nililithibitisha mwenyewe nilipojifunza udereva. Mwalimu alitusisitizia mwendo wa 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, nami nikauona kuwa wa konokono, mpaka aliponipigia hesabu kwamba kila sekunde gari linameza mita kama 14, na kwamba sekunde ya kwanza huisha mguu wangu ukiwa bado unaitafuta breki. Nilikaa kimya hadi mwisho wa somo.

Kwa siku za giza nilikata mikanda inayong'aa kwenye riflekta chakavu ya bodaboda, nikaishonesha kwenye begi la mtoto na mgongoni mwa sweta langu jeusi. Fundi alichukua elfu mbili au tatu hivi, na soda.

Mjomba anasema ninamchelewesha mtoto shule. Mtoto mwenyewe, tukifika kwenye kona ya gari, bado ananishika gauni, na yule mama ntilie sasa huja kuchukua mayai yake mwenyewe.