Kanula: kuanzia kuutafuta mshipa hadi kuitoa

Kanula ni mrija mwembamba wa plastiki unaoingizwa kwa sindano na kuachwa ndani ya mshipa ili kupitishia dripu na dawa. Nyingi zinazogoma wodini ziliharibika kabla sindano haijagusa ngozi, pale mshipa ulipochaguliwa kwa macho. Macho hudanganya. Mshipa mnene unaoonekana kwenye mkono wa mzee mara nyingi ni mgumu kama kamba na hukimbia ukiguswa. Ule mzuri huenda usiuone kabisa, ila ukiubonyeza kwa kidole unazama na kurudi juu. Ukihisi unadunda, huo ni ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, uache.

Naanzia chini, mgongo wa kiganja au kigasha, mkono ambao mgonjwa hautumii sana. Nikikosa napanda juu. Aliyeanzia kwenye kiwiko akakosa, kisha akashuka, dripu itamvujia kwenye lile tundu la juu. Viungo navikwepa pia: mgonjwa akikunja mkono, dripu inasimama. Mkono wenye fistula ya kusafishia damu (mshipa uliounganishwa na ateri kwa upasuaji), au wa upande ulioondolewa ziwa, haufungwi mpira wa kubania mkono ili mshipa ujae, wala hauchomwi.

Ukubwa wa kanula husomwa kwa rangi na namba: namba ikiwa kubwa, kanula ni nyembamba. Kwa watu wazima wengi pinki (20) inatosha. Kijani (18) ni ya kuongezea damu na upasuaji. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua nampa kijani au kijivu (16), mikono yote miwili. Bluu (22) ni ya watoto na wazee wenye mishipa dhaifu, njano (24) ya wachanga. Kuweka kubwa bila sababu si ufundi. Ikijaza mshipa wote, damu haipiti pembeni kuizimua dawa, plastiki inasugua ukuta, na kesho yake mkono umewaka moto.

Kabla ya kufunga mpira, kila kitu kiwe tayari: mrija wa dripu umeshatolewa hewa, plasta zimekatwa, bomba la sindano lina ml 5 za maji ya chumvi ya 0.9%, sefti boksi (boksi gumu la kutupia sindano) iko mkononi. Mpira unakaa vidole vinne au vitano juu ya sehemu ya kuchoma, dakika moja, mbili zikizidi sana, na mpigo wa kifundo cha mkono uendelee kusikika. Mshipa ukijificha, ning'iniza mkono au uweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Makofi yanamuumiza mgonjwa bure.

Spiriti ya 70% nasugua sekunde 30 na kuiacha ikauke yenyewe. Hapo ndipo tunapoteleza wengi: tunapepea, tunapuliza, au tunapapasa tena mshipa kwa kidole tulichoshikia kitanda.

Vuta ngozi chini kwa kidole gumba, mdomo wa sindano utazame juu, nyuzi 15 hadi 30. Kwa mishipa ya juujuu, 10 zinatosha. Damu ikionekana kwenye chemba ndogo iliyo nyuma ya sindano, bado hujamaliza: ncha ya chuma imeingia, plastiki iko nyuma yake. Laza kanula, ingiza milimita 2 hivi, kisha chuma kitulie na uteleze plastiki peke yake. Ukitelezesha mapema inakunjamana nje ya mshipa. Ukizama na chuma umetoboa ukuta wa pili na nundu inatokea papo hapo. Chuma kilichovutwa nyuma hakirudishwi ndani. Kinaweza kukata plastiki, na kipande kikabebwa na damu hadi mapafuni.

Fungua mpira, bana mshipa juu ya ncha, toa sindano, tupa kwenye sefti boksi bila kuifunika. Ukijichoma usikamue, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, toa taarifa, na dawa za kinga ya VVU zianze mapema, zisivuke saa 72. Sasa sukuma maji ya chumvi polepole. Pakivimba, toa kanula. Hakuna cha kusubiri. Nikikosa mara mbili namwita mwenzangu.

Plasta isifunike tundu wala isizungushwe mkono mzima. Andika tarehe na saa. Mtoto afungiwe kipande cha boksi chini ya mkono.

Lita moja kwa saa 8, kwa mrija wa matone 20 kwa ml, ni matone 42 kwa dakika. Mrija wa matone 15 ni 31. Soma pakiti, kwani kosa hapo halionekani hadi chupa iishe mapema.

Kila zamu naigusa kanula. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo nategemea joto, ugumu na kauli ya mgonjwa. Moto na maumivu: mshipa umewaka, toa. Uvimbe wa baridi: maji yamevuja nje. Ikiwa kilichovuja ni glukosi ya 50% au kalsiamu, funga dripu, usisukume maji, vuta kwa bomba kilichobaki ndipo utoe, kisha mwite daktari, maana nyama inaweza kuoza. Potasiamu haipigwi moja kwa moja kwenye mshipa, moyo utasimama. Seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, haichanganywi na dripu ya Ringa, kwani hugandamana na kalsiamu iliyomo na kutoa chembe.

Kanula isiyo na kazi naitoa siku hiyohiyo. Nabonyeza kwa gozi kavu (kitambaa cha kufungia vidonda) dakika mbili au tatu, na kabla ya kuitupa natazama kama ncha ya plastiki imetoka nzima.