Oracle tuliyenyang'anywa

Tarehe 31 Mei 2011 kampuni ya DC ya Marekani, wachapishaji wa komiki za Superman na Batman, ilitangaza kwamba inaanza upya, na tangazo hilo ndilo lililotunyang'anya Oracle, shujaa wa kiti cha magurudumu. Komiki zake za mashujaa zingefikia kikomo mwezi wa Agosti, kisha Septemba zingeingia sokoni komiki 52, kila moja na namba 1 kwenye jalada lake. Hata Action Comics, iliyoanza kutoka mwaka 1938 kwa bei ya senti kumi, ingefungiwa hesabu yake kwenye toleo la 904 na kurudishwa kuwa namba 1. Hata Detective Comics, iliyofika toleo la 881.

Asiyesoma komiki atauliza: namba tu, kuna nini? Namba zilituuma, sikatai. Lakini kilichotukosesha usingizi ni jambo lililokuja na namba hizo. Ulimwengu wenyewe ungebadilika. Mashujaa wangekuwa vijana zaidi na historia yao ingepunguzwa. Hadithi ya sehemu tano iliyoandikwa na Geoff Johns na kuchorwa na Andy Kubert ndiyo ingefunga mlango wa ulimwengu wa zamani, na ukishafungwa, nani amemuoa nani, nani amekufa na nani hajawahi kuzaliwa, yote yangeamuliwa na watu wachache ofisini New York.

Mwezi mzima wa Juni majina yakawa yanatoka kidogo kidogo. Kila orodha ilipotoka, sisi tulianza kutafuta waliokosekana.

Superman alivuliwa ile chupi nyekundu anayoivaa juu ya suruali, na watu wakapiga kelele nyingi. Mimi halikunishughulisha sana. Ndoa yake na Lois Lane, waliyofunga mwaka 1996, ilifutwa kana kwamba haikuwahi kuwapo, na hilo liliniuma kweli. Wangeachana, tungesoma jinsi walivyoachana. Hapa hapakuwa na ugomvi wala talaka, mtu unaamka tu unaambiwa wawili hawa hawakuwahi kuishi nyumba moja. Wally West, aliyekuwa Flash, shujaa wa mbio, tangu Barry Allen, Flash aliyemtangulia, alipouawa katika hadithi kubwa ya mwaka 1985, hakuonekana popote.

Kisha wakatangaza Batgirl, shujaa wa kike mwenzake Batman. Barbara Gordon angevaa tena vazi la popo, angesimama, angekimbia na kuruka juu ya mapaa ya Gotham, mji wa Batman. Mwandishi angekuwa Gail Simone.

Hapa naomba mnivumilie, maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Barbara alikuwa Batgirl tangu miaka ya 1960. Mwaka 1988 Joker, adui mkubwa wa Batman, alimpiga risasi mlangoni kwa baba yake, ikamharibu uti wa mgongo. Hadithi ile haikuwa yake; alipigwa risasi ili wanaume wawili, baba yake na Batman, waumie. Baada ya hapo hakuna aliyeonekana kuwa na mpango naye. Waandishi Kim Yale na mumewe John Ostrander hawakupenda alivyotendewa, wakamchukua. Mwaka 1989, katika toleo la 23 la komiki yao ya Suicide Squad, ikaanza kusikika sauti ya mtu asiyejulikana kwenye kompyuta, jina lake Oracle. Baadaye ikajulikana ni Barbara, kwenye kiti cha magurudumu, akijua kila kinachopita kwenye nyaya za dunia ile. Batman alimpigia yeye. Timu nzima za mashujaa zilikwama bila yeye. Mwaka 1996 akapata hadithi zake mwenyewe katika Birds of Prey, yeye na shujaa mwenzake Black Canary, na Simone aliyekuja kumrudisha Batgirl ndiye aliyemwandika Oracle kwa miaka, vizuri kuliko karibu wote.

Kaka yangu alipata ajali ya matatu akiwa kidato cha pili, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Tangu siku ile anatumia kiti cha magurudumu. Shangazi yetu aliyekuwa akiishi Toronto alikuwa akija likizo anatuletea komiki kuukuu, nyingine hazina hata jalada, na katika mzigo mmoja zilikuwamo za Birds of Prey. Kaka alizisoma mpaka kurasa zikaachana. Mtaani kwetu kila mzee aliyepita barazani alimuombea: Mungu akunyanyue, mwanangu. Naye akiitikia amina kwa adabu, kisha akirudi ndani kumsoma mwanamke ambaye hakuna aliyemuombea asimame. Wote walikuwa wakimuomba awafanyie kazi. Batman mwenyewe, pamoja na fedha zake zote, alikuwa akimuomba kazi.

Habari za Juni nilimpa mimi. Aliuliza, "Na Oracle?" Nikamwambia Oracle hatakuwapo tena. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe muda wote walimuona mgonjwa."

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, alivunjwa mgongo na adui yake Bane mwaka 1993 akapona. Katika dunia ile watu wanafufuka, wanakwenda kuzimu na kurudi. Kwa nini mwanamke ndiye abaki kitini zaidi ya miaka ishirini? Kina dada wengi waliomjua Barbara kwenye televisheni, iwe kwa mwigizaji Yvonne Craig na pikipiki yake mwaka 1967 au kwenye katuni za miaka ya 1990, walifurahi kwa moyo safi, na sitaki kuwanyima furaha yao. Lakini kaka alinijibu jambo ambalo sijapata la kulipinga. Alisema uchawi wao umejaa, wamemponya kila mtu, ndiyo maana amebaki huyu mmoja. Wakimponya na huyu, vijana kama yeye watamtazama nani?

Waliandika namna alivyopona. Ilikuwa upasuaji na mazoezi ya muda mrefu kwenye kliniki moja Afrika Kusini. Niliposoma hapo nilisimama kwa muda. Kwa mwandishi wa Marekani Afrika Kusini iko mbali kiasi cha kubeba muujiza. Kwetu sisi wako jamaa waliopelekwa huko na India kutibiwa, michango ikapitishwa msikitini na kazini, na tunajua walirudi na nini na bila nini. Kaka alisema wangetaja tu jina la kliniki, apige simu.

Hata hivyo nitasema haki: ile Batgirl mpya ilikuwa kazi nzuri. Katika toleo la kwanza bunduki inaelekezwa pale pale ilipoingia risasi ya Joker, naye anaganda, hawezi kusogea, na mtu anakufa. Simone hakujifanya kwamba mwili ukipona na hofu imeondoka. Tuliisoma hiyo, mimi na kaka, na hatukuona kwamba tumemsaliti mtu.

Ila kurudi kwa Barbara kulikuwa na mwenzake aliyelipia. Stephanie Brown ndiye aliyekuwa Batgirl wakati ule, tangu 2009, chini ya mwandishi Bryan Q. Miller. Msichana mcheshi, mwenye mama muuguzi na baba mhalifu, anayekosea na kuamka. Oracle alikuwa mwalimu wake. Matoleo yalikuwa 24, akakatwa. Toleo la mwisho lilituonyesha kurasa za matukio ambayo Stephanie angekuja kuyaishi kama angebaki, na mimi sijawahi kuona waandishi wakiaga wasomaji wao kwa uchungu wa wazi hivyo. Cassandra Cain, Batgirl aliyemtangulia, naye hakuonekana.

Julai mashabiki walikwenda San Diego, kwenye lile kongamano kubwa la kila mwaka, na huko ndiko hasira ilipopata sauti. Mwanamke mmoja aliyevaa vazi la Batgirl wa Stephanie alikuwa akisimama kwenye kikao baada ya kikao cha DC akiuliza: wanawake wako wapi? Shabiki mwingine aliuliza kwa nini sehemu ya wanawake kati ya waandishi na wachoraji wa kampuni inashuka kutoka asilimia 12 hadi asilimia 1. Dan DiDio, mmoja wa wakuu wa kampuni, alimrudishia swali: taja tuwaajiri nani. Watu wakaanza kutaja majina kutoka vitini. Kati ya waandishi wote wa zile komiki 52, mwanamke alikuwa Simone peke yake. Kabla mwezi kwisha, DiDio na mwenzake Jim Lee walitoa taarifa wakikiri kwamba wamesikia na kuahidi kuajiri wanawake zaidi.

Yule mwanamke alibezwa mno. Waliandika kwamba anavuruga vikao, kwamba ni komiki tu. Mimi nilimuona shujaa wa kiangazi kile. Alikuwa amesimama mbele ya maelfu kwa ajili ya wahusika ambao wenyewe hawawezi kuuliza.

Na kuulizwa sisi si jambo la kawaida. Mwaka 1988, mwaka ule ule wa risasi ya Barbara, DC waliweka namba mbili za simu: piga hii Robin, msaidizi kijana wa Batman, apone, piga ile afe. Robin wa wakati ule alikuwa Jason Todd, na kila simu ililipiwa senti hamsini. Kura 5,343 zilitaka afe, 5,271 zilitaka aishi. Tofauti ya kura 72 ikamuua mtoto. Nikikumbuka hilo, hata mimi sisemi mashabiki wapewe kalamu. Nasema wasikilizwe wanapotaja wanachokipoteza, maana wanakijua kwa jina na kwa namba ya toleo.

Kuna zawadi moja tuliyoipata Septemba ile na ni lazima niitaje. Zile komiki 52 zilianza kuuzwa kwenye intaneti siku ile ile zilipofika madukani Marekani. Wenye maduka kule waliogopa, na nawaelewa. Lakini sisi wa Mombasa hatukuwa na duka. Tulizoea kusoma habari za mwaka uliopita, mzigo wa shangazi ukichelewa tunachelewa nao. Sasa kila Jumatano, kwa kadi ya benki ya binamu aliyekuwa na subira kubwa, tulikuwa tukisoma siku moja na mtu wa Chicago. Kwa mara ya kwanza tuliweza kugombana nao juu ya toleo ambalo wao wenyewe walikuwa hawajalimaliza. Kuanza upya kulitunyang'anya Oracle kukatupa nafasi ya kuwamo kwenye mazungumzo, na yote mawili yalitoka kwenye tangazo moja.

Sasa kila uvumi wa mabadiliko mapya unapotoka, nasikia tena maneno yale yale, kwamba mashabiki wa komiki hawapendi mabadiliko. Hebu tazameni tuliyoyalilia mwaka 2011. Oracle alikuwa badiliko. Wally kuchukua nafasi ya Barry lilikuwa badiliko, na lilipokewa kwa shida. Stephanie alikuwa Batgirl mpya kabisa, wa miaka miwili tu. Ndoa ya Superman ilivunja desturi ya karibu miaka sitini. Tuliyakubali yote, tukakua nayo. Mwaka 2011 kampuni ndiyo iliyokimbia kurudi nyuma, kwa Barry aliyefufuliwa, kwa Superman kapera, kwa Barbara anayeruka mapaa.

Na muda umewajibu. Stephanie alirudishwa mwaka 2014, Cassandra 2015. Mei 2016 Geoff Johns yule yule aliandika toleo la kurasa 80 ambamo Wally wa zamani anarudi akiomba mtu mmoja tu amkumbuke, na wasomaji walilia, mimi nikiwamo. Mwezi uliofuata Action Comics ilirudia hesabu yake kwenye toleo la 957. Aprili 2018 ilipofika 1000, hata chupi nyekundu ilirudi. Karibu kila kitu tulichoambiwa tuache kukililia kilirudishwa kimya kimya.

Oracle ndiye aliyebaki deni. Barbara amelichukua tena jina hilo miaka hii ya 2020, yuko kwenye kompyuta zake, lakini anatembea kwa msaada wa kifaa alichopandikizwa. Kaka hajaridhika, na mimi siko tayari kumwambia aridhike. Wakianza upya tena, ninachotaka kuona kwenye orodha ya kwanza ni kiti chake.

Kwa wale mnaoniandikia kuuliza muanzie wapi: tafuteni hadithi ya Yale na Ostrander katika Batman Chronicles namba 5 ya mwaka 1996, iliyochorwa na Brian Stelfreeze. Inaeleza Barbara alivyotoka hospitali akaamua atakuwa nani. Kaka atawaambia muiache hiyo, muanze na Birds of Prey toleo la 56, pale Simone alipoanza kuandika. Tumebishana juu ya hili miaka mingi na hakuna aliyekubali kushindwa, kwa hiyo someni zote mbili mje mtuamue.