Sauti nzito haisukumwi chini

Pita komini za Kenya au Katuba, mjini Lubumbashi, asubuhi: redio ndogo zinalia madukani na ndani ya mataksibusi, na watu wanamtambua mtangazaji kabla hajataja jina. Watakuambia ni ile besi yake. Lakini sauti ya mwanaume akiongea hutetema takriban mara 85 hadi 155 kwa sekunde, na spika yenye upana wa vidole vitatu haiwezi kutoa vizuri mitetemo ya chini hivyo. Sikio ndilo linalojaza pengo: linapokea mitetemo ya juu inayofuatana na ile ya chini, kisha linaisikia besi ambayo haikutoka. Kwa hiyo kinachofika sokoni ni mkwaruzo wa mtu, pua yake kidogo, namna anavyokata neno.

Nyuzi za sauti za mwanaume zina kama milimita 17 hadi 25, na hakuna zoezi la kuzirefusha. Ukilazimisha koo lishuke, sentensi inaanza kifalme, halafu pumzi inaisha na neno la mwisho linamezwa. Kwenye matangazo ya vifo, neno hilo huwa ndilo mahali pa matanga!

Sauti yako inakaa wapi? Mzee akikueleza jambo, unaitikia "mmh" mdomo umefungwa. Hapo ndipo. Soma aya nzima ukizunguka palepale.

Mikro (maikrofoni) inayopokea upande mmoja huongeza besi kadiri unavyoisogelea. Kwa sentimita 3 maneno yanashikana kama bukari (ugali) isiyoiva. Kaa sentimita 10 hadi 15, na uiweke pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi ya "p" na "b" ipite kando. Kwenye mikseta, mashine ya kurekebisha sauti, kata kila kilicho chini ya mitetemo 80 kwa sekunde. Mvumo wa umeme wa 50 utapungua, ila ndugu yake wa 100 atabaki, kwa sababu amekaa ndani ya sauti yenyewe. Huyo haondolewi kwa kitufe: tenganisha waya wa mikro na wa umeme, kisha kagua waya wa ardhi.

Wanakorali, yaani waimbaji wa kwaya, wana mtego wao. Asubuhi nyuzi zimevimba kidogo, sauti inashuka. Noti ya Mi ya chini uliyoipata saa kumi na mbili itakukimbia saa nne, misa ikiwa katikati. Pimeni besi saa ileile mtakayoimba. Ikitoka hewa tupu, pandisheni wimbo nusu toni.

Kiangazi, vumbi jekundu la Lubumbashi linakausha koo. Maji hayapiti kwenye nyuzi, yanapita njia ya chakula, basi glasi ya dakika ya mwisho hulowesha mdomo tu. Anza kunywa saa kadhaa kabla. Mvuke ndio unaozifikia moja kwa moja. Sauti ikikauka kabisa, usinong'one wala usikohoekohoe kuisafisha, maana vyote viwili vinazichosha nyuzi. Nyamaza siku mbili. Ikipita wiki tatu bado inakwaruza, nenda kwa daktari wa koo.